Siku ya Wanzala

Awinja alikuwa amechoka uchovu wa kuzoeleka, ule ambao mtu huamka nao asubuhi na kujifunga kiunoni pamoja na leso. Wala hakuuficha. Ukimuuliza habari, alikujibu "tunasukuma tu," kisha akashusha pumzi ndefu ili usikie vizuri uzito wa kinachosukumwa. Jioni, mdogo wake Wanzala alimpokea na "pole na kazi, dada," naye akajitupa kwenye kiti na kusema, "Nimechoka."

Wakati wa mavuno uchovu huo ulizidi. Hapo kwao Likuyani majirani walizunguka boma kwa boma wakipukuchua mahindi pamoja, na masharti hayakuwa na mjadala: kila mtu mzima wa nyumba atoe siku yake. Nyumba ikikosa, inarukwa. Nyumbani kwa Awinja watu wazima walikuwa wawili tu, yeye na Wanzala, ambaye alizaliwa na miguu isiyomtii na mkono wa kushoto uliokunjika. Basi Awinja alitoa siku yake, na kesho yake akatoa ya Wanzala. Hakuna jirani aliyemwambia afanye hivyo. Marehemu mama yao ndiye aliyeacha neno kwamba Wanzala asisumbuliwe, na Awinja alilishika neno hilo kwa meno.

Mwaka huu malaria ilimwangusha wakati mbaya kabisa. Kwa Mama Beverly, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameshatoa siku yake. Ilibaki ya Wanzala. Zamu iliyofuata ilikuwa yao wenyewe. Mahindi yao yalirundikana chumbani na kuanza kutoa harufu ya uvundo, na mvua haikuonyesha dalili ya kukata. Wakirukwa yangeoza, na hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Asubuhi alijaribu kuinuka. Alifika mlangoni magoti yakakataa, akakaa palepale kizingitini, akalia kwa hasira.

Wanzala alikuwa amekwisha kuvaa. Alishika magongo yake, akasema anaenda.

Awinja alimwambia aache mchezo. Kwa ukali wa mgonjwa alimweleza kwamba watu watamcheka, watasema dada yake hana huruma, na mwishowe watamkalisha kivulini wampe chai kama mgeni. Wanzala alisikiliza mpaka mwisho. Maneno yake hutoka polepole, na Awinja alikuwa na tabia ya kummalizia. Siku hiyo hakuwa na nguvu hizo.

"Hiyo siku ni yangu," Wanzala alisema. "Kila mwaka unaichukuanga. Hata mara moja hujawahi kuniuliza."

Mkokoteni wa punda wa jirani yao Willis ulikuwa ukipita na magunia, ukielekea kwa Mama Beverly. Wanzala aliupigia mluzi, akapandishwa.

Awinja alishinda kitandani akitetemeka, nusu kwa homa na nusu kwa wasiwasi. Kila mbwa alipobweka alijua wanamrudisha.

Hawakumrudisha. Jioni Mama Beverly mwenyewe alikuja naye, na kabla hajakaribishwa Awinja alianza kuomba radhi kwa usumbufu. Mama Beverly aliuliza usumbufu gani. Vijana walipiga mahindi kwa rungu, akasema, na Wanzala aliketi na wale wanaomalizia kwa mkono punje zinazobaki kwenye magunzi. Alibana gunzi kwa magoti na kulisokota kwa mkono wa kulia. Si mwepesi, lakini hakuinuka mpaka kazi ikaisha. Kesho kutwa kikundi kingekuja hapa.

Kisha akamtazama Awinja.

"Lakini miaka hii yote tulidhaninga ni yeye hataki. Tulikuwa tunasema ni mvivu, anakula jasho ya dada yake."

 Awinja aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amemficha ndugu yake asichekwe, kumbe ni yeye aliyempa jina baya mbele ya kijiji kizima, tena kwa kazi ileile iliyokuwa ikimuumiza mgongo. Na hilo Wanzala alilijua. Mtu anayekaa nyumbani husikia wapita njia wakisema.

Mama Beverly alipoondoka, Wanzala alijishusha kwenye kiti cha Awinja, magongo yakaanguka sakafuni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimetoka malengelenge. Alikigeuza huku na huku karibu na taa, akikitazama.

"Nimechoka," alisema.

Awinja alifungua kinywa kumwambia kesho kutwa apumzike. Akakifunga. Alijivuta kutoka kitandani, akainama kwa shida, akayaokota magongo na kuyaegemeza mahali anapoyafikia.

"Pole na kazi," alimwambia. Hakuwahi kumwambia hivyo tangu wazaliwe.