Mstari wa Nne

Kwenye chama chetu cha vinara wa hisabati hapo chuoni Ohio, mwanachama mpya huthibitisha jambo ubaoni kwanza. Wakiridhika, mwenyekiti huchora kisanduku mwishoni, alama kwamba uthibitisho umekamilika, ndipo unasaini kitabu cha wanachama.

Nilishamaliza nilipoliona kosa. Mstari wa nne! Mjinga mimi, nimegawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri. Nikarudi nyuma nikauegemea ubao, mgongo ukiuziba mstari ule.

“Kuna swali?” aliuliza Profesa Halvorsen, mlezi wa chama.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

“Haya Tessa, mchoree mwenzako.”

Tessa, mwenyekiti wetu, akaja na chaki. “Mbona unatetemeka, bibie? Hapa hatuli mtu!” Wakacheka. Akachora kisanduku.

Nikakimbilia kitabu, nikainama kusaini. Kicheko kikakatika ghafla.

“Weka kalamu chini, Marlys,” profesa alisema taratibu nyuma yangu. “Mstari wa nne haupo tena ubaoni. Umehamia kwenye sweta lako jeusi. Umegeuka kushoto kulia, lakini unasomeka. Hebu simama wima, tuusome.”