Jiwe Ndani ya Birika

Mpishi wa karamu alishapika kila kinachopikika, lakini mkwe anayepika mawe hakuwahi kumsikia.

"Yaani mnatoboa ardhi, mnateremsha vyuma vya umeme, mnalipasha jiwe hukohuko chini mpaka litoe mafuta?" alimuuliza kijana aliyekuja kumposa binti yake.

"Ndiyo, mama," kijana alijibu, macho chini, adabu tele. "Huko hakuna hewa, kwa hiyo haliungui. Ila ni polepole. Miaka kama minne hivi."

Binti, aliyeketi pembeni, akafungua kinywa. "Mama, m-m-mimi..."

"Umechoka, najua. Nenda ukapumzike," mama alimmalizia. Binti alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na tangu utotoni mama alimmalizia maneno. Hofu yake ilikuwa moja tu: tapeli mwenye maneno matamu amchukue mtoto asiyeweza hata kumjibu.

Posa ikawekwa kiporo. Kijana akaaga, akaacha mezani jiwe moja la kijivu la aina hiyo wajionee wenyewe.

Asubuhi mama akavunja kipande, akakitupa juu ya makaa. Lahaula! Moshi ukajaa nyumba nzima, majirani wakakohoa, na mafuta hata tone hayakutoka. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akafungua madirisha.

Lakini udadisi ukamkaba. Wali nao ukiuacha bila kifuniko, si mvuke wote unakwenda zake? Akatia kipande kilichobaki kwenye birika kuukuu, akaziba kifuniko kwa unga uliokandwa, akaelekeza mdomo wa birika kwenye glasi iliyozungushiwa kitambaa kibichi. Moto mdogo. Akavuta kigoda.

Kwa mtu anayeshinda akiwafokea wasaidizi jikoni, kukaa tu ni adhabu. Mkono ulimwasha aongeze makaa, akaurudisha. Ukamwasha tena. Adhuhuri ilikwisha kupita lilipodondoka tone, la rangi ya asali. Yakafuata mengine. Akachovya utambi wa pamba, akauwasha, ukawaka. Akacheka peke yake kama mwehu.

Kijana akaitwa. Alipoingia alinusa hewa, akaliona birika lilivyoungua, akameza kicheko kwa heshima.

"Wewe si tapeli," mama alitangaza. "Sasa, binti yangu anasema..."

Akakwama. Kijana hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anamtazama binti, ametulia, kama mtu asiye na safari nyingine siku hiyo. Mama akaona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote hiyo yeye kazi yake ilikuwa kuongeza makaa.

"Sema mwenyewe, mwanangu," alisema, akaikalia mikono yake.

"M-m-mimi..." Chai ikapoa. Mama akaung'ata ulimi. "N-nimekubali. Lakini b-birika jipya, mama, u-utanunua wewe. Ulizoea kunimalizia m-maneno, sasa umemaliza na v-vyombo."

Kijana akaangua kicheko, adabu zikamponyoka. Mama alicheka pia, huku machozi yakimtoka. Alikuwa amemlea mcheshi nyumbani mwake miaka yote hiyo, asijue.