Acha Nyuki Wamnuse

Kila jioni Kiprugut alipofika mlangoni, alivua kofia, akainama kidogo, kisha akafungua kinywa. Mkewe, Jepkoech, alisogeza pua karibu na midomo ile, akanusa. Siku nyingine alisema, "Ingia, Baba Chepkemoi." Siku nyingine aligeuka tu, akamwacha pale nje na kofia yake mkononi. Majirani wa Elburgon walikwisha kuzoea kumwona mume mzima akikaguliwa kama mtoto aliyeiba sukari, na hakukuwa tena na aliyecheka.

Jepkoech mwenyewe hakuipenda kazi ile. Ila alikuwa amebisha kila mlango. Hospitali moja mjini Nakuru ilimlaza mumewe mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Huko walevi walikalishwa pamoja wakaambiwa waseme, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, ni nini kilichowatia kwenye chang'aa. Kiprugut aliwasikiliza wenzake kwa adabu, na zamu yake ilipofika alitazama viatu vyake. Hakumaliza mwezi tangu arudi, akaokotwa mtaroni nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi. Baadaye aliapa kanisani, mkono juu ya Biblia, Jepkoech akilia kwa furaha. Kiapo hicho nacho kilisombwa na mvua za masika. Tangu hapo sala ya Jepkoech ya alfajiri ikawa fupi: "Bwana, mfunge kinywa."

Mwaka huo wa 1971 binti yao, Chepkemoi, akachumbiwa. Ndipo Kosgei, binamu mkubwa wa Kiprugut, aliposhuka kutoka Mariashoni, ndani ya msitu wa Mau, akinuka moshi na nta. Aliketi, akanywa chai bila haraka, kisha akaeleza alilotumwa na wazee wa ukoo. Siku ya harusi, baba atatia pombe ya asali kinywani na kumnyunyizia binti yake kifuani, ili maisha yake yawe matamu. Waogiek, watu wao wa msituni, hawakuwahi kuoza binti kwa namna nyingine.

"Baba yake hatagusa pombe," alisema Jepkoech. "Hata ya baraka."

"Shemeji, sasa nani atambariki mtoto? Mwenye kiwanda?"

"Mungu atambariki."

"Huyo simkatai. Lakini hata Mungu huazima mdomo wa mtu."

Kiprugut, aliyekaa kwenye kigoda karibu na moto, akainua uso. "Mimi niko hapa hapa," alisema taratibu. "Mnanijadili kama maiti anayengoja jeneza."

Kosgei aliweka kikombe chini. "Basi nipe huyu maiti wako, shemeji. Nikae naye msituni mpaka harusi. Kuna mizinga ya kuchonga."

"Msituni kuna dawa gani ambayo Nakuru hawana?"

"Kuna watu wake. Kuna kazi. Na kuna nyuki. Mtu anayenuka chang'aa akipanda kwenye mzinga, atashuka amevimba mpaka mama yake asimjue. Wewe umechoka kunusa. Acha nyuki wamnuse."

Kiprugut akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye kutu, lakini kilikuwa chake. Jepkoech hakushawishika na maneno ya Kosgei. Alishawishika na kile kicheko, maana hakukumbuka mara ya mwisho kilipokaa ndani ya nyumba ile.

Kiprugut akaenda na Kosgei. Jepkoech alivumilia majuma kadhaa, kisha akashindwa kungoja. Mugure, rafiki yake wa kanisani, alimsindikiza hadi mwisho wa lami. "Ukirudi niletee hao nyuki," alimwambia. "Kuna mzee wetu mmoja wa kanisa ningependa wamnuse." Jepkoech alipanda kilima akicheka, na kicheko kilipoisha, hofu ikamrudia.

Alimkuta mumewe juu ya mti, kamba kiunoni, akipuliza moshi wa kuvu kavu ya mti kwenye mzinga ili kuwatuliza nyuki. Nyuki walimzunguka kichwa, mabega, mikono, wakampita kama maji yanavyolipita jiwe. Aliposhuka na kumwona mkewe, alivua kofia, akainama, akafungua kinywa.

"Funga hilo pango, ndugu yangu," Kosgei alisema. "Umekwisha kupimwa huko juu."

Kiprugut akafunga. Jepkoech aliona haya kuliko yeye.

Haikuwa imekwenda kirahisi. Siku za kwanza, Kosgei alimweleza, Kiprugut alitetemeka na kuwatukana wote. Siku moja alitoroka, akafika nusu ya njia ya Elburgon. Walimkuta ameketi kando ya mto, wakaketi naye. Hawakumuuliza neno. Jua lilipopunguza ukali wakampa shoka, wakarudi pamoja kuchonga mzinga. Na walipochonga, walitaja mabonde kwa majina yake ya zamani, na asali ya bonde lipi ilikuwa ya babu wa nani.

Siku hiyo Kiprugut alimketisha mkewe juu ya gogo lililochongwa nusu.

"Mama Chepkemoi, unakumbuka ule mti wa baba, ule mtarakwa, pale bondeni?"

"Uliokuwa na mzinga wa asili ndani yake?"

"Uliletwa kiwandani. Niliujua kabla haujashushwa kwenye lori. Ndani ya uwazi wake masega yalikuwa bado yana asali." Alifuta mikono kwenye suruali. "Na kazi yangu ni kusukuma magogo kwenye msumeno. Nikausukuma. Jioni ile ndipo nilipokunywa mpaka nisijione."

"Kwa nini hukusema haya Nakuru?"

"Ningemwambia nani? Walikuwa watu wema. Lakini kwao mti ni mbao. Ningeanzia wapi?"

Jepkoech alimshika mkono. Alipokuwa akishuka kilima alijaribu kuomba, na yale maneno yake mafupi hayakuja. Alijikuta akilitaja tu jina la mumewe, tena na tena, hatua kwa hatua, na akaona kwamba hiyo nayo ni sala.

Lakini pombe ya harusi ilikuwa bado mbele yao kama mto usio na daraja. Wazee walipokutana kupanga, Jepkoech aliomba ruhusa ya kusema, naye si mtu wa kusema mbele ya wanaume.

"Wazee wangu, nina swali moja. Kinachombariki mtoto ni asali, au ni ule ukali wake?"

Wakatazamana. Mmoja akanung'unika, "Maji ya asali bila kuchacha ni kinywaji cha watoto."

"Na tunayembariki ni nani?" Kosgei aliuliza. "Si mtoto?"

Walibishana mpaka koo zikakauka. Mwishowe wakakubaliana: baba atambariki binti kwa asali mbichi iliyokorogwa kwa maji ya mto. Wageni watakunywa pombe yao kama kawaida, kwa kuwa wageni nao ni watu.

Siku ya harusi, Kiprugut alitia maji yale kinywani, akamnyunyizia Chepkemoi kifuani, na matone yakang'aa kwenye shanga. Binti alifumba macho. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha wanaume wakaketi kwa duara uani, baba wa bibi harusi kati yao, na kibuyu cha pombe kikaanza kuzunguka.

Jepkoech alikiona kikija, mkono kwa mkono. Miguu yake ilitaka kukimbia, akakipokonye. Kiprugut alikipokea kwa mikono miwili, kama heshima inavyodai. Alikishika muda mrefu kuliko wenzake. Kisha, bila kuonja, akampa mzee wa kushoto kwake, na mikono yake, ilipobaki mitupu, ikatafuta pa kushika. Akaificha kati ya magoti.

Jepkoech alijifuta unga mikononi. Alikatiza uani, akaketi kando ya mumewe, kwenye gogo ambalo wanawake hawaketi.

Mzee mmoja akakohoa. "Mama Chepkemoi, umepotea njia?"

"Hapana, mzee. Nimechoka kusimama."

Wanaume wakacheka. Kiprugut hakumtazama, ila alisogea kidogo kumpa nafasi, mpaka mabega yao yakagusana. Upande wa pili wa duara, kibuyu kilikuwa kimejazwa upya, na kilikuwa kinakuja.