Maharage ya Metodi

Mwezi wa nane mwanamke hakopeshi chupa. Atakukopesha jembe, atakukopesha hata mumewe aje akupasulie kuni, lakini chupa za mdomo mpana za kuhifadhia maharage ya baridi? Thubutu! Zdravka alilijua hilo vizuri, maana yeye mwenyewe hajawahi kumkopesha mtu. Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi alikuwa amekaa jikoni kwake, mabeseni yote ya nyumba yamejaa maharage mabichi, yale ya kuliwa na maganda yake, hasira imemjaa na hana pa kuimwagia.

Maharage hayo aliyapanda Metodi, mumewe. Aliyapanda mwezi wa tano, akayasimikia miti ya kutambalia, na mwezi wa saba ulipoingia akafa, maua yakiwa ndiyo kwanza yanachanua. Kesho ni arobaini yake. Zdravka hakuwa anaomba makubwa. Alitaka maharage ya mwisho ya mumewe yaingie kwenye chupa, yachemshwe, yakae stoo, ili theluji ikishuka awe bado na kitu cha mkono wake mezani. Yakichelewa siku mbili zaidi yatakomaa na kuwa nyuzi tupu, na hapo yatakuwa ya nguruwe.

Na chupa ziko wapi? Chache za nyumbani amekwisha zijaza nyanya; nyingine zote ziko Sofia, kwa binti yake, Iskra. Kila vuli zilikwenda zimejaa, na kila masika zilitakiwa zirudi tupu. Mwaka huu hazikurudi. Tangu Pasaka Zdravka anapiga simu, na kila siku jibu ni lile lile: "Nitazileta, mama, nikija." Alikuja mazishini mikono mitupu. Zdravka, Mungu amsamehe, alimkumbatia mwanawe pale pale mbele ya jeneza, wakalia wote wawili, na katikati ya kilio akamwuliza sikioni, "Na chupa?"

"Bado tu, shoga?" Genka, jirani yake, alichungulia juu ya ukuta. Alikuwa amekwisha funga zake zote tangu Jumatano, na alitaka dunia nzima ijue. "Si ununue za dukani, zile za kuzungusha kifuniko kwa mkono?"

"Zile zilizokupasukia kwenye pipa la kuchemshia mwaka jana?"

"Zilipasuka mbili tu!"

"Basi kaa nazo. Kibanio cha Metodi cha kukazia vifuniko hakishiki chupa za dukani, na mimi sifungi maharage yake kwa kifuniko cha kuchezea watoto."

"Haya, bibi. Yakioza usinililie mimi."

Zdravka alirudi ndani akaubamiza mlango. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Genka alikuwa anasema kweli.

Basi la Sofia lilifika mchana. Iskra aliingia uani akiburuta mifuko miwili mikubwa, jasho linamtoka, uso umemwiva. Zdravka alikuwa amesimama mlangoni na kauli zake amezipanga tangu alfajiri, lakini masikio yake yakanasa jambo. Chupa tupu hugongana, hupiga kelele. Mifuko hii ilikuwa kimya. Alifungua zipu ya mmoja, akainama.

"Hizi nini?"

"Chupa, mama."

"Naona ni chupa, mimi si kipofu. Mbona zimejaa?"

Iskra alitazama chini. Zilikuwa zimejaa maharage ya mwaka jana, zote, hakuna hata moja iliyoguswa.

"Ulinambia mmekula!" Zdravka alipandisha sauti mpaka kuku wakasogea. "Kila nikikupigia: matamu sana mama, tumeyala jana, tumeyala juzi. Yuko wapi huyo aliyeyala? Baba yako kapinda mgongo kwenye shamba, mimi nimeungua mikono kwenye pipa, wewe umeyaficha chini ya kitanda?"

"Chini ya meza."

"Usinijibu!"

"Mama, natoka kazini usiku. Nasema nitapika kesho, kesho nasema kesho kutwa. Nilijua utaumia, nikasema uongo. Haya, nimekosa. Halafu baba akafa." Iskra alitoa chupa moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kifuniko, pale palipobonyea. "Sasa nitazifungua vipi? Tazama."

Zdravka hakuwa na haja ya kutazama. Miaka yote ya ndoa aligombana na Metodi kwa ajili ya ubonyeo huo. Kazi ya kubana vifuniko ilikuwa ya mume, na kila alipokwisha bana kifuniko kikakaza, lazima aongeze mzunguko mmoja usio na kazi, mpaka bati likabonyea pembeni. Unaharibu vifuniko, wewe mzee. Acha, mwanamke, bora kikaze. Kila mwaka, kila chupa.

"Hizi tusizifungue," Iskra alisema. "Tafadhali. Amezifunga yeye."

"Na haya kwenye mabeseni amepanda nani? Kuhani?"

Hakuna chupa nyingine. Ili maharage aliyoyapanda yapone, lazima yaliyofungwa na mkono wake yamwagwe. Zdravka aliona uchungu wa ajabu, akamkasirikia binti, akamkasirikia Genka, na kuliko wote akamkasirikia Metodi, ambaye angeweza kufa mwezi wa kumi na moja kama watu wenye adabu, kazi zikiwa zimekwisha.

"Chakula ni cha kuliwa," alisema mwisho. "Mimi zangu nilizimaliza kabla theluji haijayeyuka, hata moja sikubakiza. Kesho tuna watu wa kulisha. Nilitaka kupika dengu. Sasa watakula haya."

Wakaingiza mifuko jikoni, naye akachukua kisu, akakipenyeza pale penye ubonyeo. Kifuniko kilivuta pumzi, kikaachia, na jikoni pakanuka kitunguu saumu na bizari ya mwaka jana. Iskra alifunika uso kwa mikono.

"Utalia baadaye," Zdravka alimwambia, ingawa macho yake mwenyewe hayakuwa yanaona vizuri. "Lete sufuria kubwa."

Jumamosi, walipotoka makaburini, watu walijaa uani. Kila aliyepokea bakuli alisema kama ilivyo desturi, "Mungu amsamehe," kisha ndipo akaonja. Genka alilisema mara tatu, kwa sababu alikula bakuli tatu. "Alijua kulima, marehemu," alisema, mdomo umejaa. Na Zdravka, kwa mara ya kwanza wiki ile, akamkubalia.

Watu walipoondoka, chupa zilioshwa, moto ukawashwa chini ya pipa. Iskra alikalishwa kwenye kigoda cha baba yake na kibanio mkononi, na hapo balaa likaanza upya. Chupa ya kwanza ilivuja. Ya pili ikavuja.

"Zungusha! Unakuna paka?"

"Nazungusha, mama!"

"Unakipapasa! Kaza. Kaza tena. Sasa ongeza mzunguko mmoja."

Iskra aliongeza. Bati likabonyea pembeni. Walitazamana, na Zdravka akajifanya ana kuni za kusukuma motoni.

Jumapili, basi likikaribia, walikuwa wanapanga zile za Sofia kwenye mifuko. Iskra alitaka kitambaa cha kuzifungia zisivunjike njiani. Kabla Zdravka hajasema neno, binti alikuwa amekwisha ingia chumbani na kufungua kabati.

"Hilo usi—"

Amechelewa. Nyuma ya koti la baridi la Metodi, chini kabisa, pembeni ya viatu vyake, palikuwa na chupa ya maharage. Kifuniko chake kilikuwa kimebonyea, na kimefutwa vumbi kikang'aa.

Iskra alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye ubonyeo. "Mama. Si ulisema hukubakiza hata moja?"

Zdravka alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Alitafuta ukali wake wote, akaupata nusu. "Funga kabati, nondo wataingia."

"Na chakula je? Si cha kuliwa?"

"Hizo mpya ndizo za kuliwa. Nazitaka masika, umesikia? Tupu." Akalikunja taulo mara mbili. "Tupu, Iskra."

Iskra alilivuta koti la baba yake, akalishusha mpaka likaifunika ile chupa, akafunga kabati taratibu.