Karatasi ya Kola

Walimwita Kimya, kwa sababu mteja akimuuliza jambo alijibu kwa kuangalia vifungo. Kushona vifungo ndiyo ilikuwa kazi yake dukani, pembeni ya cherehani ya bibi yake, tangu alipoacha shule darasa la tano. Kitabu alikikuta kwenye mfuko wa koti la mteja ambaye hakurudi tena. Kilikuwa chembamba, kimechakaa, kurasa za mwisho zinachomoka.

Kila mchana, kazi ikipoa, alimsomea Bibi, kidole kikitambaa chini ya maneno. Kitabuni, mzee mmoja alijenga ukuta wa mawe ili mvua isilichukue shamba lake. Mvua ikauangusha. Akajenga tena. Wanawe wakamcheka, meno yakamtoka, akajenga tena.

"Mbishi kama marehemu babu yako," alisema Bibi. "Yule aligombana na mlango mwaka mzima, bila kumwita seremala."

Kimya alingoja kuguswa. Aliwahi kusikia kwamba watu hulia wakisoma kitabu kizuri. Yeye hakusikia kitu moyoni. Ilikuwa kama kujichoma sindano kwenye kidole kilichokufa ganzi.

Ganzi ya kweli ilikuwa ya Bibi. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukimfia ghafla juu ya pedali, cherehani inarudi nyuma, uzi unajisokota. Mashati mawili yalikuwa yamerudishwa. Mwenye duka alimwambia kwa upole, macho pembeni: "Mama, si upumzike tu nyumbani? Ijumaa unipe jibu."

"Tumalize kitabu kwanza," Bibi alimwambia mjukuu wake. "Nataka kujua huyo mzee mwenzangu ukuta wake ulisimama, au alikwenda zake kulala. Ndipo nimjibu."

Bibi akiondoka, nani atasema na wateja? Hata hofu hiyo Kimya aliiona kwa mbali, kama mzigo wa mtu mwingine.

Ijumaa alifungua kitabu. Kurasa za mwisho hazikuwemo. Akatafuta chini ya meza, akapekua kikapu cha vipande. Kisha akaiona mbele ya Bibi karatasi ya kukatia kola, imebanwa kwa pini juu ya kitambaa cheupe, imejaa maandishi.

"Bibi. Umekata mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kitabu."

"Hizo? Si zilikuwa sakafuni! Mimi karatasi naiangalia ukubwa, siulizi inasema nini." Akaisukuma. "Haya, mke mwenzangu, nisomee kola."

Kimya akainama. "Mvua ilikuwa imekatika. Mawe yote yalikuwa chini. Mzee akapiga goti, akachukua moja..."

"Halafu?"

"Halafu ni shingo, Bibi. Mkasi umepita."

Bibi alicheka mpaka kilemba kikamwangukia begani. Mwenye duka akaingia wakati Bibi anafuta machozi.

"Mama, umeamua?"

Bibi aliikunja na kuikunjua ile karatasi ya kola.

"Mguu umeshindwa, mwanangu, sikudanganyi. Mikono bado. Nitakata nimekaa. Cherehani mpe huyu."

"Huyu? Hata salamu yangu haitikii!"

"Cherehani haitaki salamu."

Mwenye duka akachukua kola ya kitambaa ambayo Bibi alikwisha kuikata, akaikunja katikati. Kingo zilikutana sawasawa. Akaikunja tena.

"Haya. Tujaribu."

Kimya akahamia kwenye kiti, kikiwa bado na joto la Bibi. Akaweka mguu juu ya pedali. Moyoni bado hakusikia kitu. Akaukandamiza, gurudumu likazunguka, akaukandamiza tena.