Panga Lililotoka Msibani

Kibanja cha marehemu Rwegoshora pale Nyaishozi kilikuwa na nyumba tatu: ya mjane wake Avelina katikati, ya mwanawe mkubwa Ambrose upande wa barabarani, na ya mdogo mtu, Egbert, upande wa chini. Migomba ya Ambrose ilikuwa inakauka. Ya Egbert ilisimama, imebeba mikungu mpaka ikawekewa nguzo.

"Kwa nini kwake hapakauki?" Ambrose alimuuliza kila mpita njia. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mchawi alishampata: Nikuze, mke wa Egbert, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Kila alipotaka kukata majani ya migomba, Nikuze alilipitisha kwanza panga lake kwenye moto, huku akiimba taratibu. Ambrose alimwona kwa macho yake. Sasa mtu anayelichoma panga na kuliimbia, huyo ni mzima?

Avelina, Mungu amsamehe, alinyamaza. Hakuamini, lakini hakukanusha. Alichotaka ni wanawe wote wabaki, na wajukuu waendelee kuingia na kutoka mlangoni pake. Alidhani kimya chake kitawashikilia.

Ndipo jumuiya ya kanisa ikaja kusali kwake. Katekista Jovitus alisoma Injili ya Marko, pale waandishi wanapomwona Yesu akifukuza pepo, wakasema anatumia nguvu za mkuu wa pepo.

"Waitu, Katekista, kosa lao hapo ni lipi hasa?" Avelina aliuliza.

"Waliona mtu anaponya, wakasema anaroga, Mama," Jovitus alijibu. "Yesu akawaambia nyumba inayopigana yenyewe haisimami. Ukishamwita mponyaji wako shetani, nani atakuponya tena?"

Ambrose alikohoa, akamkazia macho shemeji yake Nikuze. Avelina akaona leo na liwe liwalo.

"Mkamwanangu, lile panga unalichomea nini?"

"Bwana shamba alitufundisha, Mama. Mnyauko unasafiri na panga. Ukikata mgomba mgonjwa, usipolipitisha motoni unaupeleka ugonjwa kwenye mzima. Na wimbo ni wa kwaya tu, tunajiandaa na Pasaka."

Watu wakacheka. Avelina hakucheka. Siku aliyokuja bwana shamba, yeye alikuwa kijiji cha Ndama, msibani kwa rafiki yake Kampire. Alikwenda na panga lake kama wanawake wote wanavyokwenda, akakata ndizi za kuwapikia wafiwa kwenye migomba iliyokuwa imeanza kugeuka njano. Kesho yake, kwa panga lile lile, akaikatia majani migomba ya Ambrose, kwa kuwa mke wa Ambrose alikuwa na kichanga na mama mkwe aliona vema amsaidie.

"Ambrose mwanangu, ni mimi. Ugonjwa niliuleta mimi kutoka msibani, na panga langu. Nikuze hana kosa."

Ambrose alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimuumiza kuliko tusi.

"Mmeona?" aliwaambia wanajumuiya. "Mpaka Mama ameshamroga. Anasema maneno aliyowekewa mdomoni."

Jovitus alifunga Injili yake, na watu wakaondoka bila kumuaga Nikuze.

Wiki ile ile Egbert alifunga magodoro kwenye bodaboda kwenda Kyerwa, kwa ndugu za Nikuze. Avelina alimng'ang'ania mkono.

"Mama, tukae tungoje nini?" Egbert alisema. "Tuchomewe nyumba?"

Ukweli alishausema, na ukweli ndio uliowafukuza. Akamwachia mkono.

Walipokwisha kuondoka aliingia jikoni kwa Nikuze. Makaa yalikuwa bado na moto. Akalilaza panga lake juu ya makaa hayo, akiligeuza kama alivyomwona mkamwana wake akifanya, ili angalau migomba ya Egbert isife. Alipoinua macho, Ambrose alikuwa mlangoni.

Hakumsemesha mama yake. Aligeuka akawaita watoto wake, mmoja mmoja kwa jina, akawaambia kuanzia leo wasile tena kwa bibi yao.