Kishungi cha Begani

Fundi Mhina aliwanyoa kondoo mpaka ngozi ikatokeza, nyekundu kama utosi wa mtoto mchanga. Mashine yake ilinguruma pale uani kwetu Kwaluguru tangu asubuhi, jenereta likitema moshi, na kila kondoo aliyeachiwa alisimama pembeni akitetemeka. Mimi nilisimama mlangoni na mkasi wangu mkononi. Sikuwa na kazi nao tena.

"Mama Yusra, siku hizi watu wanakodi fundi," mume wangu Ukasha aliniambia. "Wewe unawaacha na mabaka."

Mabaka, eti. Miaka yote niliyopiga magoti nikinyoa mwenyewe, na yeye akipeleka manyoya Korogwe kwa kina mama wanaofuma mazulia, hakuwahi kuona baka hata moja. Pesa aliiona vizuri sana.

Hilo baka lilikuwa alama yangu. Mama alinipa majike wawili siku nilipoolewa kutoka Mashewa, uzao wa kondoo wa milimani, wale wa manyoya marefu. Wakazaa, wakachanganyika na wa Ukasha aliowanunua baadaye. Ili tusigombane, kila nilipowanyoa wangu niliwaachia kishungi begani. Kijiji kizima kilijua kwamba mwenye kishungi ni wa Rukaya.

Jirani yetu Parit, mfugaji wa Kimaasai, alinicheka. Kwao mnyama hukatwa sikio, na kila boma lina mkato wake.

"Manyoya yanaondoka, mama," alisema. "Sikio likikatwa limekatwa."

Nilimwona katili. Nilishika sikio la kondoo wangu, laini, lina joto, nikasema siwezi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili.

Maana wiki ile Ukasha alikuwa amenipa talaka. Anaoa binti wa Handeni mjini, rika la Yusra wetu, na hata eda hakutaka nikae kwake. Nyumba yake, shamba lake. Mimi kitu changu duniani kilikuwa wale kondoo tu. Wazee walipanga kukaa Ijumaa baada ya swala, kila mtu atoe wanyama wake zizini. Alhamisi ndiyo akamleta fundi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa ikafika. Mzee Mdoe, aliyekuwa msuluhishi, aliegemea zizi akawatazama kondoo, akawatazama tena.

"Alama yako iko wapi, binti?"

"Imenyolewa jana, mzee. Lakini nawajua kwa sura."

Wanaume wakacheka, na Ukasha akacheka kuliko wote. Kisha akaapa mbele yao kwamba wenye kishungi nilikwisha kuwauza, kwamba waliobaki wote ni wake. Mzee Mdoe alijua anadanganywa, nilimwona usoni. Akasema pasipo alama hakuna ushahidi, akaomba maji ya kunywa.

Sasa, mkasi wangu ulikuwa ukiacha manyoya ya unene wa kidole, na baada ya kunyoa niliwalaza kondoo jikoni mpaka wazoee. Wingu likisimama juu ya milima, sikunyoa kabisa. Siku ile wingu lilisimama tangu adhuhuri, na zizi la Ukasha halina paa. Niliyajua yote hayo. Hakuna aliyeniuliza.

Nilibeba mzigo wangu nikaenda bomani kwa Parit. Mvua ilishuka alasiri, ya upepo, ya baridi, na haikuwa na nia ya kuacha. Kondoo walianza kulia. Parit akasimama mlangoni.

"Wale watakufa," alisema. "Mumeo yuko mjini kwa bibi harusi. Mimi nikiingia zizi lake peke yangu nitaitwa mwizi. Twende wote, mama Yusra, tukawatie ndani."

"Si wangu, mzee Parit. Wazee wamekwisha amua."

Akakaa, akaugeuzia moto uso wake. Sauti zile nilizisikia zikipungua moja moja, na nilikuwa najua ni ya nani kila moja.

Asubuhi Ukasha alirudi, akatuma niitwe. Kondoo walikuwa wamejibana kwenye kona moja ya zizi wakikimbia upepo, wakalaliana. Wachache walikuwa bado wanapumua chini ya wenzao. Yeye alikuwa ameloa matope mpaka mapajani, anavuta miguu, analia.

"Rukaya, nisaidie kuwatoa," alisema. "Na wako wamo humu."

Wa juu kabisa alikuwa mjukuu wa jike la mama, mwenye doa jeupe chini ya jicho. Alikuwa na mimba.

"Wangu hawana alama, baba Yusra," nikamwambia. "Nitawajuaje?"

Nikashika njia ya Mashewa. Ule mkasi ninao mpaka leo, nakatia vitambaa.